Jinsi ya kukamilisha seti ya kadi za hoki za O-Pee-Chee 1979-80 bila kulizwa

Picha huja kwa WhatsApp, mara nyingi usiku. Boksi la viatu, ndani yake kadi zenye fremu ya buluu zimefungwa kwa mpira, na chini ya picha ujumbe: "Kaka, nimepata seti nzima ya mwaka wa Gretzky, bei poa. Nimeshalipa. Niangalizie."

Hilo neno "nimeshalipa" ndilo linaloniumiza. Jibu langu huwa moja kati ya matatu: hiyo ni ya kampuni ya Topps, si ya O-Pee-Chee, au hiyo imekosa namba 18, yaani kadi ya Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafu, au namba 18 ipo, ila imechapwa juzi tu.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa huku Kanada na Marekani, ambako maboksi haya hufukuliwa kwenye vyumba vya chini vya nyumba za wazee, na kwa yeyote anayeagiza kutoka mbali. Wengi wanakwama palepale: wanaanzia juu, kwa kadi ya Gretzky, kisha ndiyo watafute nyingine. Seti hii hujengwa kutoka chini. Kadi za dola moja moja ndizo zitakazoyafundisha macho yako, ili siku ya kulipa kubwa usiwe mgeni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoa hela

- Kioo cha kukuzia, kile cha masonara cha mara 10.
- Rula nzuri yenye milimita.
- Taa ya meza inayopinda shingo.
- Faili la pete na kurasa 44 za plastiki zenye mifuko tisa tisa, zilizoandikwa kuwa hazina PVC, plastiki inayoharibu kadi.
- Vifuko laini vya kadi, na vifuniko vigumu kama ishirini kwa ajili ya kadi za thamani.
- Daftari, au jedwali kwenye simu, lenye namba 1 hadi 396.
- Kadi moja ya kawaida ya O-Pee-Chee 1979-80, ya mchezaji yeyote asiye na jina, uliyoinunua kwa muuzaji anayeaminika.

Hiyo ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo muhimu kuliko zote. Naiita kadi ya kipimo. Kila kadi utakayoitilia shaka utailaza kando yake. Isiuzwe, isitolewe zawadi, na isiingie kwenye faili.

Kurasa 44 sikuzitaja kwa kubahatisha. Seti ina kadi 396, na ukigawa kwa tisa unapata 44 kamili, hakibaki hata kimfuko. Weka kadi moja kila mfuko, usizilaze mgongo kwa mgongo ili kubana kurasa, kwa sababu utahitaji kusoma nyuma mara nyingi kuliko unavyodhani.

## Hatua ya 1: Amua ni O-Pee-Chee au Topps, halafu usiyumbe

Mwaka huo kampuni mbili zilitoa kadi zinazofanana kama mapacha. Topps ya Marekani ilitoa kadi 264. O-Pee-Chee, iliyokuwa London ya Ontario, ilitoa 396. Fremu ni ile ile ya buluu, na Gretzky ni namba 18 kotekote. Hapo ndipo watu wanapolizwa.

Tofauti zake ni hizi:

Nyuma ya kadi. O-Pee-Chee ina Kiingereza na Kifaransa. Topps ina Kiingereza peke yake. Muuzaji akikutumia picha za mbele tu, mwombe za nyuma. Akizungusha maneno, achana naye.

Kingo. O-Pee-Chee nyingi zina kingo zenye vinyuzi, kama mkate uliokatwa kwa kisu butu. Ndivyo zilivyotoka kiwandani, na si kasoro. Topps zimekatwa laini.

Namba. Kadi yoyote yenye namba inayozidi 264 ni O-Pee-Chee. Rundo ambalo halina hata moja ya namba hizo, jiulize limetoka wapi.

Kwa nini uamue mapema? Kwa sababu ukichanganya, huna seti hata moja. Wakusanyaji huithamini zaidi O-Pee-Chee, na mtu mwenye 300 za O-Pee-Chee na 96 za Topps ana rundo la kadi, basi. Niliwahi kununua "seti kamili" kwa mtu mmoja, nikaihesabu mezani jikoni huku nje theluji imeziba dirisha. Zilikuwa 264 barabara, Kifaransa hakuna hata neno. Hakuwa amedanganya: Topps ilikuwa kamili. Mimi ndiye sikuuliza.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kugeuza kadi yoyote na kuitambua kampuni yake bila kufikiri.

## Hatua ya 2: Jaza kurasa kwa namba, hata kabla ya kupata kadi

Andika namba kwenye vikaratasi vidogo, utie kila kimoja kwenye mfuko wake. Jioni moja inatosha.

Faida yake utaiona haraka. Ukurasa wa kwanza unabeba 1 hadi 9, wa pili 10 hadi 18, na kuendelea. Kwa hiyo Gretzky anakaa ukurasa wa pili, mfuko wa chini kulia. Gordie Howe, namba 175, yuko ukurasa wa 20. Bobby Hull, namba 185, yuko katikati kabisa ya ukurasa wa 21. Ukiwa sokoni, muuzaji anakuharakisha na watu wanasukumana nyuma yako, unapiga picha kurasa zako kwenye simu na unajua pengo liko wapi. Bila hivyo utanunua kadi moja mara tatu. Nina Phil Myre wanne kwa sababu hiyo hiyo.

## Hatua ya 3: Ufahamu msimu wenyewe, usije ukatafuta kadi isiyokuwepo

Hapa wengi husema "mimi nataka kadi, si historia." Haya. Lakini nimewaona watu wakimaliza miezi wakimtafuta Ray Bourque ndani ya seti ambayo hayumo. Kwa hiyo chukua haya tu yatakayokuokolea hela.

Kadi ziko nyuma ya msimu kwa mwaka mmoja. Seti ilitoka msimu ukianza, kwa hiyo takwimu za nyuma zinaishia 1978-79. Kadi za vinara wa ligi zilizo mwanzoni mwa seti ni za mwaka huo uliotangulia, Mike Bossy alipofunga mabao 69 na Bryan Trottier akaongoza kwa pointi 134 (mabao na pasi za mabao). Usitafute nyuma ya kadi ya Gretzky mabao 51 aliyofunga msimu wa 1979-80. Kadi ilipochapwa, hayakuwa yamefungwa.

Timu ni 21. NHL, ligi kuu ya hoki, ilikuwa na 17. Ligi pinzani ya WHA ilipokufa mwaka 1979, timu zake nne ziliingia: Edmonton Oilers, Winnipeg Jets, Quebec Nordiques na Hartford Whalers. Ndiyo sababu Gretzky yumo humu na si kwenye seti iliyotangulia.

Majina mengi ya timu yamekufa. Ukiandika jina la leo kwenye sehemu ya kutafutia mtandaoni, utaambulia patupu. Flames wa humu ni wa Atlanta. Walihamia Calgary mwaka 1980. Colorado Rockies wa humu wanacheza hoki. Walihamia New Jersey 1982, na jina lao likachukuliwa baadaye na timu ya besiboli, kwa hiyo utaletewa kadi za besiboli ukilia. Whalers wakawa Carolina, Nordiques wakaenda Colorado, North Stars wa Minnesota wakaenda Dallas. Jets wa humu walihamia Phoenix mwaka 1996. Jets wanaocheza Winnipeg leo ni klabu nyingine iliyorudishiwa jina.

Wasiokuwepo. Ray Bourque alichukua tuzo ya mchezaji bora chipukizi msimu huo, lakini kadi yake ya kwanza ni ya 1980-81. Mark Messier vivyo hivyo, na Mike Gartner, na Michel Goulet. Vijana wa Marekani walioishangaza timu ya Wasovieti kwenye Olimpiki ya Lake Placid Februari 1980, nao hawamo. Mtu akikuuzia "Bourque wa 1979-80", amechanganya au anakuchanganya.

Waliopo ingawa walikuwa wameshaondoka. Ken Dryden, kipa wa Montreal, alistaafu kiangazi cha 1979, na kadi yake imo. Hull yuko na jezi ya Winnipeg ingawa aliumaliza msimu huo Hartford. Butch Goring yuko Los Angeles, ilhali Machi 1980 alihamishiwa New York Islanders na Mei akanyanyua nao Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL. Hizi si kadi zenye makosa. Usilipie ziada mtu anayekwambia "hii ni adimu, timu imekosewa."

Raha ya seti hii iko hapo kwenye Hull na Howe. Howe alitimiza miaka 52 msimu huo, akacheza mechi zote 80 za Hartford, akafunga mabao 15, timu moja na watoto wake wawili, Mark na Marty. Gretzky alianza msimu akiwa na miaka 18. Yeye na Marcel Dionne walimaliza na pointi 137 kila mmoja, na zawadi ya kinara ikaenda kwa Dionne kwa kuwa alikuwa na mabao 53 dhidi ya 51. Na kwa sababu Gretzky alikuwa ameshacheza WHA, ligi ilikataa kumhesabu mchezaji mpya. Sokoni, kadi namba 18 ndiyo kadi ya mchezaji mpya inayotafutwa kuliko zote za hoki. Ligi ilisema lake, mitaa ikasema lake.

*Umefaulu ikiwa:* ukisikia jina la mchezaji unaweza kukisia kama yumo, na akiwa na jezi gani.

## Hatua ya 4: Nunua kadi za kawaida kwanza, kwa mafungu

Kwenye kadi 396, zaidi ya 350 ni za wachezaji ambao mjukuu wao tu ndiye anayewakumbuka. Nyingi huuzwa dola moja au mbili ikiwa hali yake ni ya kati, na kwa fungu bei hushuka zaidi.

Tafuta mafungu ya kadi 50 hadi 200. Sehemu za kutazama: maonyesho ya kadi (lile kubwa la Toronto hufanyika mara mbili kwa mwaka), maduka ya vitu vya zamani, watu wanaoanika vyombo vya nyumbani uani wikiendi za kiangazi, na eBay. Kwenye maonyesho nenda siku ya mwisho, jioni. Muuzaji hataki kubeba maboksi kurudi garini.

Kuna wauzaji wanaotangaza seti nzima isipokuwa Gretzky. Hiyo ni njia halali na ya mkato, na kwa mtu mwenye kazi mbili na watoto watatu siwezi kumlaumu akiifuata. Ila hesabu kadi, na hakikisha zile za kuanzia 265 zipo zote.

Tahadhari mbili. Kwanza, kadi za orodha, zile zenye majina na viboksi vya kuweka alama. Watoto wa wakati ule walizijaza kwa kalamu, ndivyo zilivyokusudiwa. Isiyo na alama ni ghali kuliko ya mchezaji wa kawaida, kwa hiyo ukiiona safi ndani ya fungu la bei ndogo, usipige kelele, lipa, ondoka. Pili, madoa ya bazoka na nta. Kadi ziliuzwa pamoja na bazoka ndani ya karatasi ya nta, na iliyokaa pembeni mara nyingi ina doa. Si ugonjwa wa kuambukiza, lakini inapunguza bei.

Usilipe kwa njia ya kutuma pesa kama kwa rafiki ili "kukwepa makato". Hayo makato ndiyo bima yako.

*Umefaulu ikiwa:* umefikisha kadi 250, na hakuna moja iliyokugharimu kuliko sahani ya chipsi.

## Hatua ya 5: Jifunze kukagua, ukitumia hizo hizo za bei ndogo

Keti mezani, taa imewaka, mikono mikavu. Chukua kadi ya kipimo kushoto, kadi nyingine kulia. Fanya hivi kwa kadi ishirini kabla ya kuendelea.

Pima. Kadi inatakiwa iwe na milimita 63 na nusu kwa 89. O-Pee-Chee walikata ovyo, kwa hiyo nusu milimita isikutishe. Ikipungua milimita nzima, huenda kuna mtu ameikata ili kuondoa kona zilizochakaa. O-Pee-Chee yenye kingo nne laini kama wembe uitazame mara mbili, ingawa zilizokatwa vizuri kiwandani zipo pia.

Tazama fremu ya buluu. Huu ndio udhaifu mkubwa wa seti hii. Rangi ya buluu inafika hadi ukingoni, na kila inapobanduka karatasi nyeupe inachungulia. Kwa jicho tupu kadi inaonekana safi. Chini ya kioo kona zake ni kama kucha iliyobanduka rangi. Kwa sababu hiyo kuna wajanja wanaopaka kalamu ya buluu. Inamisha kadi, mwanga uje kwa pembeni: wino wa kalamu unang'aa tofauti na wino wa kiwandani. Kisha isimamishe utazame unene wake. Kadi halali ni nyeupe au kijivu kwenye unene, bila buluu. Ukiona buluu imelowea ndani ya unene, imepakwa.

Tazama vitone. Chini ya kioo, picha ya mchezaji imeundwa na vitone vya rangi vilivyopangwa kwa utaratibu. Hiyo ni sawa. Lakini herufi za jina lazima ziwe na rangi nzima na kingo kali. Ukiona herufi zenyewe zimeundwa na vitone, kadi hiyo ni picha ya kadi. Mtu aliipiga picha iliyo halali akaichapa upya. Kipimo hiki kimoja kimewaumbua matapeli wengi kuliko vingine vyote.

Ipitishie mwanga. Zima taa, washa tochi ya simu nyuma ya kadi. Linganisha na kadi ya kipimo. Karatasi ya aina moja hupitisha mwanga kwa kiasi kimoja. Inayong'aa sana, au isiyopitisha kitu kabisa, ni karatasi nyingine.

Tazama kama picha imekaa kati. Linganisha upana wa fremu kushoto na kulia, juu na chini. Kwenye seti hii nyingi zimekaa upande. Hili halihusu uhalali, linahusu bei tu.

*Umefaulu ikiwa:* umekagua kadi ishirini na umeanza kuchoka, kwa kuwa zote zinakwambia kitu kimoja. Huko kuchoka ndiko ninakokutafutia. Bandia itakapokuja itakustua kabla hujajua ni kwa nini.

## Hatua ya 6: Panda ngazi ya kati

Sasa nunua wenye majina, mmoja mmoja, ukiona nyuma na mbele. Denis Potvin namba 70, Trottier namba 100, Dionne namba 160, Howe 175, Hull 185, Guy Lafleur 200, Bossy 230. Ongeza wale ambao kadi zao za kwanza ziko humu: Bobby Smith, Charlie Simmer, John Tonelli.

Nampenda Tonelli kuliko bei yake. Tarehe 24 Mei 1980, mechi ya sita ya fainali dhidi ya Philadelphia, muda wa nyongeza, ni yeye aliyetoa pasi ambayo Bob Nystrom aliigeuza bao na kuwapa Islanders kombe lao la kwanza. Philadelphia hao ndio waliokuwa wamecheza mechi 35 mfululizo bila kufungwa, wakashinda 25 na kutoka sare 10. Kadi ya Tonelli bado unaipata kwa bei ya chakula cha mchana.

Howe ndiye wa kutangulia kununua kati ya hawa. Ni kadi ya msimu wake wa mwisho kamili kwenye ligi, wengi wanaitaka, na safi zinazidi kupungua.

*Umefaulu ikiwa:* kurasa 43 zimejaa, na ukurasa wa pili una pengo moja.

## Hatua ya 7: Namba 18

Hapa pumua.

Kwanza ujue unaingia kwenye soko la aina gani. Nakala mojawapo ya O-Pee-Chee iliyopewa alama 10 na PSA, kampuni ya kupima ubora wa kadi, iliuzwa dola milioni 1.29 za Marekani mwezi Desemba 2020, ikawa kadi ya kwanza ya hoki kuvuka milioni. Mei 2021 kadi ya alama hiyo ikafika milioni 3.75. Hiyo si kadi yako wala yangu. Lakini kelele hizo ndizo zilizofanya hata iliyokunjwa katikati iuzwe kwa mamia ya dola, na yenye afya kwa maelfu. Penye fedha hivyo, bandia hazikosekani.

Nilipomsimulia mjomba wangu wa Tanga kwa simu, alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Mwanangu, hicho kikaratasi kina hatimiliki ya kiwanja?"

Fuata masharti haya, yote, bila kuchagua:

1. Nunua iliyoko ndani ya kasha la plastiki la kampuni ya kupima ubora. Kampuni hukagua uhalali, huipa alama kutoka 1 hadi 10, kisha huifunga. Kwa kadi nyingine naona ni kupoteza hela. Kwa hii, hata iwe ya alama 1, lipia.

2. Hakiki namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, wewe mwenyewe, usibonyeze kiungo alichokutumia muuzaji. Kama kuna picha, linganisha kasoro: doa, kona, jinsi fremu ilivyokaa. Namba halali inaweza kubandikwa kwenye kasha la bandia, ila kasoro za kadi hazinakiliki kirahisi.

3. Kagua kasha. Mshono wake uwe mzima. Ukiona nyufa za ukungu mweupe kwenye kingo, huenda lilifunguliwa.

4. Ikiwa haiko kwenye kasha, basi muuzaji akubali muikague pamoja, kwa kioo, rula, tochi na kadi yako ya kipimo. Herufi zenye vitone, simama uondoke. Nyuma isiyo na Kifaransa ni Topps; hiyo nayo ina thamani yake, lakini si ya seti yako.

5. Soma nyuma neno kwa neno. Kadi hii imechapwa upya mara nyingi kama ukumbusho. Nyingine zimeandikwa wazi kwa herufi ndogo kuwa ni nakala, na kuna watu waliokwangua maneno hayo. Sehemu iliyokwanguliwa huwa na vinyweleo na hung'aa tofauti chini ya mwanga wa pembeni.

Usinunue ukiwa na haraka. Muuzaji anayesema kuna mwingine njiani anakuja na fedha taslimu, mwambie amkaribishe.

Na usikope kwa ajili ya kadi. Alama 2 au 3 yenye kona za duara inakaa vizuri tu ukurasa wa pili, ingawa kasha halitaingia mfukoni. Weka kikaratasi chenye namba ya kasha, na kadi yenyewe ikae kabatini.

*Umefaulu ikiwa:* umelipa, umefika nyumbani, umeilaza kando ya kadi ya kipimo, na huoni jipya.

## Hatua ya 8: Hifadhi

Kadi za thamani ziingie kwanza kwenye kifuko laini, ndipo kifuniko kigumu. Ukianza na kigumu utakwangua ile buluu mwenyewe.

Faili lisimame wima kama kitabu, lisilazwe, lisikae dirishani wala kwenye chumba cha chini chenye unyevu. Huku hewa ya majira ya baridi ni kavu mno na kadi hujikunja kama samaki aliyeanikwa. Usiziweke karibu na tundu la hita. Kwa ndugu wa Dar, Mombasa au Unguja shida ni kinyume chake: unyevu. Tumia boksi la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, uvibadilishe vikichoka. Mpira wa kufungia pesa usiguse kadi kamwe. Hung'ata kingo, na ukizeeka huganda kwenye rangi.

Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, uzihifadhi nje ya simu.

Ukifungua faili langu leo, mifuko 395 ina watu. Ukurasa wa pili, chini kulia, bado kuna kikaratasi cha daftari chenye 18 kwa penseli. Mwezi uliopita nilishika moja ya alama 2 kwenye maonyesho, nikaigeuza, Kifaransa kipo, kasha zima, namba inasoma. Bei ilinizidi kwa dola mia mbili na kidogo. Nikamrudishia mwenyewe, nikanunua vifuko.